Shanta la kilo 13.4 kwa siku 7 za skii, Chamonix hadi Zermatt: kosa langu liko wapi?

#1 Mtelezi35
Wakuu, salaam.

Baada ya wiki tatu tunaondoka Chamonix (Ufaransa) kwenda Zermatt (Uswisi) kwa skii. Siku 7, tunalala vibanda 6 vya mlimani: Argentière, Trient, Mont Fort, Prafleuri, Dix na Vignettes. Tuko wanne, wawili kati yetu wameshaipita njia hii.

Wikiendi iliyopita nilifanya zoezi la siku mbili nikiwa na mzigo kamili. Kupanda nilikumudu. Kushuka ndiko kulikonitesa. Kila nikikata kona shanta linanivuta nyuma kama kuna mtu amenishika kola, mapaja yanawaka moto, na nimeanguka mara nne kwenye theluji yenye gamba (juu ngumu, chini laini). Mteremko ule ule bila mzigo nashuka bila wasiwasi.

Shanta ni la lita 45. Mizani inasema kilo 13.4 pamoja na maji. Ndani kuna beleshi, ufito wa kuchokolea theluji, kamba ya mita 40 yenye unene wa milimita 8, kramponi za chuma (meno ya kufunga chini ya buti), hanesi (mkanda wa kiunoni wa kujifungia kamba), skrubu moja ya barafu na karabina zake, mfuko wa kulalia, jaketi la manyoya ya bata, jaketi la nje, suruali ya akiba, tisheti 4, soksi jozi 5, ndala, taulo, kitabu, kamera na lenzi mbili, pawabenki, dawa, chakula cha mchana cha siku zote 7, maji lita 3. Shoka la barafu linaning'inia nje. Transiva (kifaa cha mawimbi cha kumtafuta aliyefukiwa na theluji) naivaa mwilini, sikuihesabu.

Nimebeba kupita kiasi au nimepanga vibaya? Naomba majibu ya waliokwenda.

#2 KobeWaMilima
Mfuko wa kulalia utoe leo hii. Vibanda vyote ulivyotaja vina mablanketi au mafarishi, pamoja na mito. Wanachodai ni uje na shuka lako lililoshonwa kama mfuko. La hariri lina gramu 150 hivi na unalikunja likaingia kwenye kiganja. Mfuko wako hauwezi kupungua kilo moja.

Ndala nazo toa. Buti zinaachwa chumba cha kuingilia na kibanda kinakupa viatu vya ndani. Taulo la nini? Vibanda vingi vya juu havina bafu.

Tisheti 4 kwa siku 7 ni nyingi. Moja ya sufu ya merino ya kupandia, moja kavu ya kulalia. Soksi jozi 2, tatu kama miguu yako inatoka jasho sana.

#3 BibiBarafu
Kobe yuko sahihi kuhusu mfuko, lakini naona tunakimbilia kupunguza kabla ya kumsikiliza mwenye swali. Hakusema mzigo ni mzito. Amesema unamvuta nyuma, na hilo ni jambo jingine.

Mtelezi, tueleze ulivyopanga. Nini kilikaa chini, nini juu, nini kilikuwa kimegusa mgongo na nini kilikuwa mbali nao?

#4 Mtelezi35
Asante dada. Chini kabisa mfuko wa kulalia na nguo. Katikati chakula na dawa. Juu, chini ya kifuniko, kamba na kramponi. Kamera kwenye mfuko wa mbele, ule ulio mbali na mgongo. Maji chupa mbili, moja kila ubavu, na ya tatu juu. Nilifundishwa hivyo kwenye safari za miguu: vyepesi chini, vizito juu.

#5 Fundi_Kamba
Hapo ndipo penye tatizo, mkuu. Kanuni ile ni ya mtu anayetembea amenyooka. Uzito ukiwa juu karibu na mabega, unainama kidogo mbele na unakaa juu ya nyonga. Kwenye skii umekunja magoti, kiwiliwili kinageuka kila kona na ardhi inaondoka chini yako. Uzito ulio juu unakuwa kama nyundo yenye mpini mrefu: unageuka kushoto, wenyewe bado unakwenda kulia. Ukisimama ghafla unakuangusha.

Kwa skii weka vizito katikati, usawa wa chini ya mabega hadi kiunoni, na vigusane na mgongo kabisa. Kamba isimame wima kwenye bamba la mgongo. Nguo zizunguke pembeni na mbele yake ili isicheze. Kamera kwenye mfuko wa nje ni kosa kubwa kuliko yote. Sentimita 25 kutoka mgongoni, kilo moja na nusu inakuwa na nguvu ya kilo nyingi.

#6 Mpanda_Alfajiri
Naomba nikupinge kidogo, Fundi. Nimefuata ushauri huo misimu miwili nikiwa na kila kitu kizito kiunoni. Kushuka kulikuwa kuzuri, sikatai. Ila safari ya vibanda sehemu kubwa ya saa zako ni kupanda. Uzito ukiwa chini unalegeza mikanda ya juu, shanta linabinuka nyuma na mabega ndiyo yanalishika. Siku ya tatu nilikuwa siwezi kugeuza shingo.

Mimi sasa napanga mara mbili kwa siku. Asubuhi wakati wa kupanda kamba iko juu. Kileleni tukivua ngozi (zile zinazobandikwa chini ya skii ili zisirudi nyuma wakati wa kupanda) naishusha. Ni dakika mbili tu.

#7 Fundi_Kamba
#6 dakika mbili wakati hakuna upepo. Mita 3,500 kukiwa na upepo unataka kufungua shanta lote juu ya theluji? Glavu moja ikiruka ndiyo basi.

#8 ShangaziSkii
Wanangu, mnabishana juu ya kamba na hamjauliza la kwanza kabisa. Mtelezi, ulipoanza kushuka, kisigino cha buti ulikifunga kwenye hali ya kushukia? Zote mbili?

Nauliza kwa sababu nimeona watu wazima, wazoefu, wamefika kileleni wamechoka, wamevua ngozi, wamepiga picha, wameondoka na buti moja bado iko kwenye hali ya kutembelea. Ukiwa hivyo huna kinachokushika nyuma ya mguu. Unakaa kitako wewe mwenyewe halafu unalaumu shanta.

#9 Mtelezi35
Shangazi, mara ya kwanza kuanguka buti ya kushoto ilikuwa wazi, nakiri. Mara tatu zilizofuata zote zilikuwa zimefungwa na nilihakikisha.

#10 ShangaziSkii
Basi mara moja tumeipatia jibu. Zimebaki tatu.

#11 Nyayo_Baridi
Hizo tatu ni gamba. Theluji yenye gamba hukalisha mtu yeyote nyuma kwa sababu anaogopa ncha za skii zisizame. Hata shanta tupu lisingemwokoa. Mtelezi, ulishuka bila mzigo siku ile ile au siku nyingine?

#12 Mtelezi35
Siku nyingine. Theluji ilikuwa laini. Hapo umenibana.

#13 BibiBarafu
Kumbe tulikuwa tunalinganisha vitu viwili tofauti muda wote huu. Hata hivyo sikubali gamba libebe lawama yote. Nimeshuka kwenye gamba na kilo 8 na nimeshuka na kilo 14, na tofauti ilikuwa bayana mapajani. Kilo 14 zinakutaka ukae mahali pamoja kabisa juu ya skii, ukiteleza nyuma kidogo hurudi. Kilo 8 zinakusamehe.

Na lita 45 ni kubwa. Shanta likiwa na nafasi, vitu vinaanguka na kutengeneza kitumbo nje. Lita 30 hadi 35 zinatosha kwa njia ya vibanda, kwa kuwa hubebi hema wala jiko, na chakula cha jioni na asubuhi unapewa kibandani.

#14 KobeWaMilima
Tukirudi kwenye orodha. Maji lita 3 ni kilo 3, hakuna ujanja wa kukwepa hilo. Chukua lita moja na nusu. Chupa moja iwe ya chai ya moto, maana mrija wa mfuko wa maji huganda asubuhi ukabaki unanyonya hewa.

Chakula cha mchana cha siku 7 pia punguza. Siku ya tatu mnateremka Champex, mnapita Verbier kabla ya Mont Fort. Mnapita madukani! Beba cha siku 3, nunueni tena. Mkate mgumu, jibini, lozi. Na vibandani wanauza kitu cha kubeba ukiwaambia usiku.

#15 Mwana_wa_Upepo
Maji si ataongeza bombani kibandani?

#16 KobeWaMilima
#15 vibanda vya juu wakati wa masika mara nyingi havina maji ya bomba, kila kitu kimeganda. Wanayeyusha theluji kwa gesi iliyoletwa kwa helikopta. Kwa hiyo chai na maji ya kunywa unanunua, na ni haki yao. Weka faranga taslimu, mashine ya kadi inategemea mtandao na mtandao unategemea hali ya hewa. Argentière iko upande wa Ufaransa, huko ni euro.

#17 Mwana_wa_Upepo
Nimeelewa. Mimi nilidhani Vignettes inapata maji kwa sababu si juu sana, mita 2,900 tu.

#18 Fundi_Kamba
2,900 ni Dix, mita 2,928 kwa usahihi. Vignettes ni 3,160, imekaa ukingoni mwa mwamba, na nilipokwenda mimi choo kilikuwa safari ya upepo. Ukienda usiku vaa jaketi.

#19 Nyayo_Baridi
Kwa kuwa choo kimetajwa: tochi ya kichwani na vizibo vya masikio. Vizibo vina gramu 5 na thamani yake ni kubwa kuliko kitu chochote kwenye orodha ya Mtelezi. Mnalala watu kumi na kitu ubao mmoja, na mmoja kati yao lazima awe anakoroma usiku kucha.

#20 Mpanda_Alfajiri
Mmoja? Una bahati wewe.

#21 Daktari_wa_Ngozi
Jina langu ni la ngozi za skii, msije na vipele vyenu 😀

Hakuna aliyetaja ngozi na ndizo zinazoharibu safari. Siku ya pili ya safari yangu ya kwanza gundi ililowa kwa sababu nilizikunja na theluji katikati. Siku ya tatu hazikushika kabisa. Nilipanda kwa muda wa saa nne nikiwa nimezifunga kwenye skii kwa mikanda ya mpira na plasta, na kila mita mia moja nasimama kufunga upya. Wenzangu walinisubiri kwenye upepo.

Tangu hapo: nikizivua kileleni na tunapanda tena siku hiyo, zinaingia ndani ya jaketi, kifuani. Kibandani natundika hewani, siziweki juu ya jiko maana gundi inayeyuka. Na nabeba mikanda mitatu ya mpira, waya kipande, vibana vya plastiki na kisu chenye koleo. Jumla kama gramu 200. Kundi zima linahitaji seti moja tu, kwa hiyo ulizaneni kabla kila mtu hajabeba ya kwake.

#22 BibiBarafu
#21 umegusa jambo kubwa. Vitu vya kundi! Mtelezi, ninyi wanne mna kamba ngapi, dawa seti ngapi, pawabenki ngapi?

#23 Mtelezi35
Kamba mbili, kila moja mita 40. Dawa, kila mtu ana zake. Pawabenki nne.

#24 BibiBarafu
Seti nne za dawa. Kaeni chini nyote wanne na mmwage kila kitu sakafuni siku moja. Dawa seti moja nzuri. Plasta za malengelenge ndiyo kila mtu awe nazo mfukoni, hizo unazihitaji dakika ile ile mguu unapoanza kuwasha. Pawabenki mbili. Kamba mbili bakini nazo, kwenye barafuto (mto wa barafu wenye nyufa) sitaki kumpunguzia mtu kamba, ila mbebe kwa zamu.

#25 Mpanda_Alfajiri
Kuhusu kamba. Ya milimita 8 ina kama gramu 40 kwa mita, kwa hiyo mita 40 ni kilo moja na nusu na zaidi. Siku hizi kuna kamba nyembamba za milimita 6 za barafuto, gramu 22 hivi kwa mita. Mita 30 ni gramu 660. Tumeibeba miaka mitatu.

#26 Fundi_Kamba
Na mmeshamtoa mtu kwenye ufa kwa kamba hiyo? Kwa glavu zilizolowa? Kamba nyembamba haishikiki kwa mkono, inataka vifaa vyake maalumu na mazoezi. Tena upande wa pili wa kipito cha Col du Chardonnet ni mkali, sisi tulishushana kwa kamba pale. Mita 40 za milimita 8 nilizifurahia sana. Sisemi nyembamba ni mbaya. Nasema usiinunue wiki tatu kabla ya safari.

#27 Mpanda_Alfajiri
Sentensi ya mwisho nakubaliana nayo. Za kabla yake hapana.

#28 Nyayo_Baridi
Na kramponi? Mimi natumia za aluminiamu, gramu 500. Za chuma zinafika 900.

#29 Fundi_Kamba
Kwa theluji ngumu zinatosha. Kwenye mawe meno yanapinda. Kama buti zako na kramponi za chuma zimeshazoeana, safiri nazo.

#30 Mwana_wa_Upepo
Swali la mgeni. Kwa nini asichukue shanta lenye puto la kumwokoa kwenye poromoko la theluji? Siku hizi naona kila mtu analo.

#31 ShangaziSkii
Mwanangu, puto linasaidia kweli. Theluji ikiporomoka, vipande vikubwa huelea juu na vidogo huzama, na puto linakufanya uwe kipande kikubwa. Ila mashanta mengi ya aina hiyo yana kilo 2 hadi 3 kabla hujaweka kitu, na mtambo unakula nafasi. Kwenye ufa wa barafuto halikusaidii. Mimi nalivaa katikati ya baridi nikishuka theluji mpya. Kwa njia ya masika ya vibanda naliacha. Mume wangu halivui popote. Tumeshalala na ugomvi huo vibanda vingi.

#32 Daktari_wa_Ngozi
Nipo upande wa mume.

#33 KobeWaMilima
Lenye puto au lisilo na puto, transiva, beleshi na ufito havipunguzwi. Beleshi liwe la chuma chepesi, la plastiki huvunjika kwenye theluji iliyogandamana. Na vikae kwenye mfuko wake wenye zipu, peke yake, bila tisheti wala ndizi juu. Mtu akifukiwa, dakika 10 za kwanza ndizo zenye uhai mwingi, baada ya hapo matumaini yanashuka haraka sana. Kama unaanza kutoa kamera ndipo ulifikie beleshi, umeshamnyima dakika yake.

Simu nayo ikae mbali na transiva. Sentimita 20 ukiwa unatembea, 50 ukiwa unatafuta. Na zile glavu au jaketi zenye vifungo vya sumaku, angalia visikae kifuani karibu nayo.

#34 Nyayo_Baridi
Weka betri za lithiamu kwenye transiva, zinavumilia baridi.

#35 KobeWaMilima
Hapana, hapo sahihisha. Vipimo vya asilimia kwenye transiva nyingi vimetengenezwa kwa alkalini. Lithiamu inaonyesha imejaa mpaka dakika za mwisho kisha inaanguka ghafla. Baadhi ya transiva mpya zinaruhusu lithiamu ukiichagua kwenye mpangilio. Asome kijitabu cha kifaa chake. Asipokiona, alkalini mpya kabla ya kuondoka, seti moja ya akiba kwa kundi.

#36 Nyayo_Baridi
Nimekagua changu sasa hivi. Kinasema alkalini tu. Asante, nimetumia lithiamu msimu mzima.

#37 Mpanda_Alfajiri
Jambo ambalo halimo kwenye orodha na linanisumbua: hakuna mfuko wa dharura wa kujifunika. Mnakumbuka wale waliofukiwa na poromoko karibu na Vignettes mwaka 2018?

#38 BibiBarafu
Halikuwa poromoko. Ilikuwa dhoruba. Usiku wa tarehe 29 kuamkia 30 Aprili 2018 watu 14 walikwama nje karibu na mlima Pigne d'Arolla, kwenye kipande kile kile cha njia ambacho Mtelezi atapita akitoka Dix kwenda Vignettes. Upepo na ukungu viliwapotezea njia, wakalala nje. Saba walifariki, wengi wao kwa baridi. Kibanda hakikuwa mbali nao.

Kila nikipita pale nasimama kidogo.

#39 Mpanda_Alfajiri
Nashukuru kwa kunisahihisha, na ndiyo maana nasisitiza. Mfuko wa dharura wa mtu mmoja una gramu 100 na kitu. Turubai la kundi la watu wanne linafika nusu kilo na mnaingia wote chini yake, mnapashana joto.

#40 Fundi_Kamba
Mfuko ndiyo. Lakini cha kwanza ni kujua uko wapi. Ramani kwenye simu mbili tofauti, zimepakuliwa kabla, simu zikiwa mwilini siyo kwenye kifuniko cha shanta, maana baridi huzima betri. Ramani ya karatasi na dira haziishiwi chaji. Na uamuzi wa kutoondoka hauna uzito wowote begani. Hali ya hewa ikiwa mbaya kuna njia ya chini: kutoka Dix kwa ngazi za Pas de Chèvres hadi Arolla.

Namba za kuokolea: 1414 Uswisi, 112 popote Ulaya. Andikeni kwenye karatasi pia.

#41 Mtelezi35
#38 sikujua habari hiyo. Wenzangu nitawasomea uzi huu wote jioni.

#42 Daktari_wa_Ngozi
Na visu vya skii! Vile vyembe vinavyochomekwa chini ya buti kwa ajili ya theluji ngumu ya asubuhi. Havimo kwenye orodha yako. Mnaondoka saa kumi na moja alfajiri, mteremko ni kioo. Usiviweke ndani ya shanta. Viwe kwenye karabina ya hanesi, au mfuko wa juu. Ukivihitaji utakuwa umesimama kwa kingo mbili za chuma za skii na huwezi kuvua chochote.

#43 Mtelezi35
Ninavyo, nilisahau kuandika. Vilikuwa chini ya mfuko wa kulalia.

#44 Daktari_wa_Ngozi
Chini ya mfuko wa kulalia!! Mkuu, vitoe huko leo.

#45 ShangaziSkii
Miwani ya jua kiwango cha 3 au 4, na ya akiba moja kwa kundi. Losheni ya jua na ya midomo. Theluji mpya inarudisha hadi asilimia 80 ya mionzi inayounguza, kwa hiyo paka chini ya kidevu na chini ya pua. Niliungua ndani ya tundu za pua Aprili moja na nikala supu kwa siku nne.

Kuhusu kamera, mimi simo kwenye genge la kukusema.

#46 Nyayo_Baridi
Mimi nimo. Lenzi mbili! Hiyo kamera ni abiria wa tano.

#47 BibiBarafu
Mwacheni na kamera yake. Atakapoteremka chini ya ukuta wa kaskazini wa Matterhorn siku ya mwisho mtamwomba picha. Lenzi moja, kwenye mkoba wa kifuani au katikati ya shanta. Siyo kule nje.

#48 Mwana_wa_Upepo
Hivi wa kwanza kupita njia hii kwa skii walikuwa na mashanta ya lita ngapi? Nasikia ilikuwa 1861.

#49 KobeWaMilima
1861 ni ya kiangazi, kwa miguu. Kwa skii ilikamilika 1911. Turudi kwenye mada.

#50 Fundi_Kamba
Nimerudi kwenye mada. Mtelezi, hanesi unaivaa au unaibeba?

#51 Mtelezi35
Kwenye barafuto nilivaa, ndiyo.

#52 Fundi_Kamba
Na mkanda wa kiunoni wa shanta ulikaa juu ya hanesi?

#53 Mtelezi35
Ulikuwa unagombana na bizimu ya hanesi, nikaulegeza.

#54 Fundi_Kamba
Basi nimepata sababu yangu mpya na naiamini kuliko ile ya kwanza. Mkanda wa kiunoni ukilegea, kilo 13 zote zimening'inia mabegani. Shanta linapiga mgongo kama mlango usio na komeo. Uwe kamba imekaa juu au chini, litakuvuta. Badilisha hanesi iwe nyembamba ya skii, bizimu ikae juu au chini ya mkanda, zisikutane. Kisha kaza kwa mpangilio: kiuno kwanza, mabega, vikanda vidogo vya juu ya mabega, mwisho kifua.

#55 Mpanda_Alfajiri
Kwa hiyo mahali pa kamba si tatizo tena? Post #5 uliandika kwa uhakika sana.

#56 Fundi_Kamba
Ni tatizo. Ni la pili.

#57 Nyayo_Baridi
La kwanza ni gamba.

#58 ShangaziSkii
La kwanza ni mapaja. Mtelezi ana wiki tatu. Apande ngazi na hilo shanta kila jioni, ashuke nalo pia, kushuka ndiko kunakofundisha mapaja. Niliwaambia hivi wajukuu wa kundi letu mwaka jana, mmoja akafuata na mwingine hakufuata. Siku ya nne mmoja alikuwa anaimba na mwingine alikuwa anauliza basi linapita wapi.

#59 Mtelezi35
Wakuu, nimemwaga kila kitu sakafuni. Mrejesho:

Mfuko wa kulalia nje, shuka la hariri ndani: imepungua gramu 950. Maji lita moja na nusu: kilo 1.5. Nguo: gramu 800. Ndala, taulo na kitabu: gramu 600. Chakula cha siku 3: gramu 800. Lenzi moja imebaki nyumbani: gramu 400. Pawabenki na dawa tumegawana: gramu 300. Nimeongeza mfuko wa dharura. Kramponi za chuma na kamba vimebaki kama vilivyo. Mizani inasema kilo 8.2, na nimeazima shanta la lita 35 lenye mfuko wa beleshi peke yake. Visu viko kwenye hanesi.

Sasa sijui kama kilichoniangusha ni uzito, mahali pa kamba, mkanda, gamba au mapaja, kwa sababu nimebadilisha vyote kwa mpigo.

#60 BibiBarafu
Ndiyo maana nilitaka tuulize kabla ya kupunguza. Fanya jaribio. Mteremko mmoja, asubuhi moja, kilo zile zile. Shuka mara mbili kamba ikiwa juu, mara mbili ikiwa mgongoni katikati. Mkanda umekazwa mara zote nne.

#61 Nyayo_Baridi
Na uchague penye gamba.

#62 Mpanda_Alfajiri
Na upande kwa miguu yako kila mara, usichukue lifti. Vinginevyo utakuwa umepima kushuka peke yake, na Fundi atajitangazia ushindi.

#63 Mtelezi35
Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi niko mteremkoni. Mwenzangu atasimama pembeni na simu kurekodi kona zote. Nikirudi naweka video hapa.

#64 Fundi_Kamba
Asimame ubavuni, siyo chini yako. Tunataka kuona kiuno kiko wapi ukilinganisha na buti. Na funga visigino vyote viwili.